Nilikwenda Ulaya, Nikakuta Mashamba Matatu

Mlio jikoni, endeleeni kusonga ugali, lakini sikio moja liwe huku. Mlio kwenye daladala, mwombeni dereva aongeze sauti kidogo. Karibuni katika mazungumzo yetu ya jioni.

Juzi nilikwenda Ulaya. Naam, Ulaya. Najua wapo walioanza kunong'onezana, "Mtangazaji wetu naye kapata viza!" Tulieni. Viza yangu ilikuwa tiketi ya basi niliyokata Msamvu, Morogoro. Tulivuka Hifadhi ya Mikumi mchana kweupe, twiga wakitutazama kama makonda wanaohesabu abiria. Nikashuka Mikumi mjini, nikashika njia ya kulia iendayo Kilosa. Hapo kati ya Mikumi na Kilosa ndipo ilipo Ulaya yetu, yenye Ulaya Kibaoni na Ulaya Mbuyuni, Ulaya ya mahindi, mpunga na ufuta. Mtu wa huko akikuambia "mimi nimezaliwa Ulaya", hajivuni. Anakutajia kata yake.

Nilikwenda kumsalimia mama mkubwa. Nilimkuta chini ya mwembe, miguu kainyoosha mkekani, ungo mapajani, anamenya kunde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za huko mjini?"

Tukasalimiana mpaka zikaisha habari za watu, tukaingia za mbuzi. Pembeni kwenye benchi walikaa wajukuu zake wawili, kila mmoja na simu yake, shingo zimeinama kama masuke ya mpunga uliokomaa. Mmoja ni mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, anaishi hapohapo Ulaya. Mwingine ni binti wa kaka yangu, alikuja likizo kutoka Dar es Salaam.

Mama mkubwa akawaelekezea kidevu. "Hebu waulize hao wanafanya nini."

Nikawauliza. Mpwa akanijibu bila kuinua uso: "Navuna ngano, mjomba."

Binti naye: "Mimi namwagilia, baba mdogo."

Mama mkubwa alicheka mpaka kunde zikamwagika. "Umewasikia? Shamba langu lina magugu mpaka magotini, kumbe nyumbani nina wakulima wawili!"

Basi hiyo ndiyo habari yangu ya leo, msikilizaji. Nilikwenda Ulaya nikakuta mashamba matatu. Mawili yako kiganjani, la tatu liko nyuma ya nyumba. Haya mawili ya kiganjani ukiyatazama haraka utadhani ni pacha. Swali langu ni hili: yanatofautiana wapi? Na mama mkubwa, ambaye hajawahi kucheza mchezo wowote wa simu, aliitambuaje tofauti hiyo kabla yangu?

Tuanze na kufanana kwao.

Mchezo wa mpwa wangu unaitwa Hay Day. Wa binti unaitwa Stardew Valley. Katika yote miwili unakabidhiwa shamba. Unafyeka, unapanda, unalisha kuku, unakamua ng'ombe, unauza, unajenga banda lingine, unapanda tena. Muziki ni wa taratibu, rangi ni za kupendeza. Ni michezo ya kutuliza kichwa. Mtu katoka kazini kachoka, bosi kamsema, foleni imemmaliza. Anakaa kwenye kochi, analisha kuku wake wa kwenye kioo, moyo unarudi mahali pake.

Mbegu ya michezo hii ilitoka mbali. Mwaka 1996, huko Japani, Yasuhiro Wada na wenzake walitoa mchezo ulioitwa Bokujō Monogatari, yaani hadithi ya shamba la mifugo. Marekani ukapewa jina la Harvest Moon. Bwana Wada alikulia kisiwa cha Kyushu, kisha akahamia Tokyo, na akiwa katikati ya majumba marefu akayakumbuka maisha ya kwao. Umesikia hapo? Baba wa michezo hii ni mtu wa shamba aliyehamia mjini. Wangapi mnaonisikiliza pale Mbagala na Kimara mna shamba la nyumbani linalowajia usingizini? Basi mnamwelewa Bwana Wada.

Hay Day ilikuja mwaka 2012. Waliotengeneza ni kampuni ya Supercell ya Helsinki, huko Ufini. Kwa hiyo mchezo ulitoka Ulaya ya Helsinki ukasafiri mpaka Ulaya ya Kilosa, nao haukuulizwa viza.

Stardew Valley ilitoka Februari 2016, na hadithi yake ni ya mtu mmoja. Mmarekani Eric Barone aliupenda sana ule mchezo wa Kijapani tangu utotoni. Alipomaliza chuo, kazi zikawa ngumu kupatikana, akaamua kutengeneza wake. Alijifungia miaka minne na nusu hivi. Kila picha alichora yeye, kila wimbo alitunga yeye, kila neno aliandika yeye, huku akijishikiza kwenye jumba la maonyesho mjini Seattle, akiwaelekeza watu viti vyao. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, mchezo wake ulikuwa umeuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Mtu mmoja, jembe moja.

Sasa tuje kwenye tofauti. Nina mambo matatu, na la kwanza ndilo kubwa kuliko yote: muda.

Mama mkubwa alimsogelea mjukuu wake, akachungulia kioo.

"Hiyo ngano umeipanda lini?"

"Sasa hivi, bibi. Dakika mbili tu inaiva."

"Na mahindi?"

"Dakika tano."

Mama mkubwa akauweka ungo chini. "Dakika tano! Mbegu gani hiyo? Watu wa Ilonga wanayo?"

Kwa msikilizaji asiyeifahamu Ilonga, hicho ni kituo cha utafiti wa kilimo kilicho karibu na mji wa Kilosa. Kutoka kituo hicho wakulima walipata mbegu za mahindi kama Staha. Watafiti wameumiza vichwa miaka na miaka ili mahindi yapunguze siku chache tu, na huyu kijana kakaa kwenye benchi anavuna kwa dakika tano!

Hivyo ndivyo Hay Day ilivyo. Saa yake ni saa hii ya ukutani kwako. Ngano dakika mbili, mahindi dakika tano, miwa nusu saa, pamba saa mbili na nusu. Unapanda punje moja unavuna mbili, leo, kesho na keshokutwa. Hakuna masika wala kiangazi. Ukiondoka mwezi mzima, ukirudi ngano yako imesimama palepale inakungoja, haikunyauka hata jani.

Raha, sivyo? Raha kweli. Lakini sikiliza vizuri. Mwanzoni mambo ni ya dakika. Ukipanda ngazi, yanakuwa ya saa. Unataka kujenga, unaambiwa ngoja. Unataka kuoka keki, unaambiwa ngoja. Na pembeni ya neno "ngoja" kuna almasi. Ukitoa almasi, kungoja kunakwisha palepale. Almasi chache unapewa bure, mchezo si mchoyo. Ukitaka nyingi, unanunua, kwa fedha hizi hizi za kununulia unga. Yaani kinachouzwa pale si ngano wala maziwa. Kinachouzwa ni muda.

Haya, tuhamie simu ya pili. Huyu binti alikuwa na uso wa msiba. Nikamuuliza kulikoni.

"Koliflawa zangu zimekufa zote, baba mdogo."

Zimekufaje? Katika Stardew Valley mwaka una majira manne, na kila majira yana siku 28. Siku moja ya mchezo, toka asubuhi mpaka usiku wa manane, ni kama robo saa ya kwetu. Kila zao lina majira yake. Majira yakibadilika, zao lisilo lake linakauka usiku huohuo. Binti alipanda koliflawa tarehe 20 ya majira ya kuchipua. Koliflawa inataka siku 12. Piga hesabu mwenyewe.

Mama mkubwa hakuhitaji kupiga hesabu. Alisikia habari hiyo mara moja tu akatikisa kichwa. "Umechelewa kupanda, mwanangu. Hata huku ndivyo. Mvua hairudi nyuma kukufuata."

Msikilizaji, mama huyu hajui almasi, hajui programu, hajui Seattle iko upande gani. Lakini mchezo ule aliuelewa papo hapo, kwa sababu hasara ile anaijua kwa jina.

Nitakuwa mwongo nikisema Stardew Valley haina njia za mkato. Ipo mbolea ya kuharakisha mazao. Unaweza pia kwenda kulala mapema ili siku ipite upesi. Lakini siku uliyoirusha imeshakatwa kwenye zile 28, na hakuna wa kukurudishia. Tena yule mkulima wa kwenye mchezo anachoka. Kila jembe likishuka, nguvu inapungua. Ikiisha na hujala wala kulala, anaanguka. Mama mkubwa alipoambiwa hivyo akamgeukia mpwa: "Na wako huyo hachoki?" Mpwa akasema hachoki. "Basi huyo si mkulima," akasema mama mkubwa, "huyo ni tajiri wa shamba."

Kwa hiyo naomba uliweke akilini hili, nami nitalirudia tena: katika Hay Day muda unauzwa, katika Stardew Valley muda unahesabiwa.

Jambo la pili ni mfuko wako, pamoja na bando lako.

Hay Day unaipakua bure. Hulipi hata senti mlangoni. Ndiyo maana imeenea. Kijana wa Ulaya, Kilosa, na kijana wa Ulaya, Helsinki, wanaingia kwa mlango mmoja. Lakini mchezo huo hauchezeki bila intaneti. Mtandao ukikatika, shamba linafungwa. Nilimwona mpwa wangu akiinuka na kusogea mpaka kwenye kichuguu nyuma ya choo, mkono juu, kama anayeita mvua. Kwa nini kichuguuni? Kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika. Na bando likiisha saa tatu usiku, kuku wake wanalala njaa, ingawa kwa bahati hawafi.

Stardew Valley unainunua mara moja, basi. Ilianzia kwenye kompyuta, ikafika kwenye simu za iPhone mwaka 2018 na za Android mwaka 2019. Ukishalipa, hakuna wa kukudai tena, na unacheza hata pasipo mtandao kabisa. Binti alicheza njia nzima toka Dar, hata pale hifadhini Mikumi. Ubaya wake ni ule mlango. Kutoa fedha kabla hujaonja ni kazi, na wengi hatuna kadi ya kulipia mambo ya mtandaoni.

Sasa wazazi mtaniuliza, upi wenye gharama? Nitawajibu kwa mfano. Kuna mama ntilie anayekutoza sahani nzima unapoingia, ukala ukashiba. Kuna mwingine anakukaribisha bure, maji bure, kiti bure, kisha pilipili inauzwa, ndimu inauzwa, na kijiko kinauzwa. Kwa huyu wa pili unaweza kutoka hujatumia hata shilingi, ukiwa mtu wa kujizuia. Unaweza pia kutoka umeacha mshahara. Inategemea aliyekaa ni mtu wa namna gani. Na kama aliyekaa ni mtoto wa miaka 10 mwenye simu ya baba yake na namba ya siri anaijua, jibu unalo.

Jambo la tatu ni majirani.

Katika Hay Day majirani ni watu kweli. Unafungua kibanda kando ya barabara, unapanga mayai na siagi yako, unatangaza kwenye gazeti la mchezo, na mtu wa nchi nyingine kabisa anakuja kununua. Mnaunda ujirani, mnasaidiana kujaza makasha ya meli, mnashindana na ujirani mwingine kila wiki. Mpwa wangu ana wenzake ambao hajui wanafananaje, lakini anajua nani huwa na bolti za kupanulia ghala na nani ni mbahili. Hilo ni zuri. Ila wazazi, kumbukeni kwamba mnapotuma mtoto sokoni mnamwambia asizungumze na kila mtu. Soko hili nalo ni soko.

Katika Stardew Valley majirani ni wa kubuni. Kuna mji mdogo wenye duka moja la mwenyeji, nalo mwanzoni Jumatano hufungwa, upende usipende. Kila mkazi ana siku yake ya kuzaliwa, ana anachokipenda na anachokichukia. Ukimpelekea zawadi asiyoipenda, anakuambia. Binti anajua tarehe za kuzaliwa za mji mzima. Nilimuuliza ya shangazi yake, akaanza kutazama juu ya mwembe.

Lakini kuna jambo katika mji ule lililonigusa. Mchezo unaanza na mtu aliyekaa ofisini kwenye kampuni kubwa, kachoka, anafungua barua aliyoachiwa na babu yake. Ndani ya barua kuna shamba. Anaacha kazi, anarudi. Akifika anakuta kampuni ileile imeshafungua duka kubwa mjini, na ukumbi wa jamii umeoza paa. Basi unachagua. Unaweza kulipia uanachama wa kampuni, ukumbi ukageuzwa bohari lao. Au unaweza kuufufua ukumbi kwa mikono yako, leo umeleta viazi, kesho samaki, keshokutwa mayai, mpaka taa ziwake tena. Sisi tunalo neno la kazi hiyo. Tunaiita msaragambo. Na mwanzoni mwa mwaka wa tatu, roho ya babu inakuja kutazama umelifanyia nini shamba lake.

Nilipomsimulia mama mkubwa habari ya babu, alinyamaza. Shamba lile analolima aliachiwa na baba yake.

Haya. Tumeona muda, tumeona mfuko, tumeona majirani. Je, kuna kitu ambacho michezo yote miwili imekiacha? Kipo, tena si kimoja.

Mvua, kwa mfano. Katika Stardew Valley mvua ikinyesha ni sikukuu, siku hiyo humwagilii. Runinga ya mchezo inakuambia leo hali ya hewa ya kesho. Kilosa nao wanasikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini wanajua mvua ina sura mbili. Mwishoni mwa Desemba 2009 kuingia Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba na kung'oa reli ya kati, watu kwa maelfu wakalala kwenye mahema. Hakuna hata mmoja kati ya michezo hii miwili wenye mvua ya namna hiyo.

Wanyama je? Ndani ya simu kunguru wanadonoa kidogo, unasimamisha sanamu la kuwatisha, mambo yanakwisha. Kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mikumi, anayekuja usiku ni tembo, na tembo hatishwi na shati kuukuu juu ya kijiti. Ndani ya simu ng'ombe wa mtu hawaingii shamba la mtu. Kilosa inajua uzito wa jambo hilo. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulichukua roho za watu 38. Nalitaja kwa heshima, kisha napita.

Na soko! Katika Stardew Valley unatumbukiza mazao kwenye sanduku jioni, asubuhi fedha zimeingia. Katika Hay Day unapanga bei mwenyewe. Mama mkubwa aliuliza swali moja tu: "Dalali yuko wapi?" Hayupo. "Na lumbesa?" Haipo. Kwenye michezo gunia ni gunia. Huku kwetu lumbesa imepigwa marufuku na sheria, na bado mkulima anaweza kuona gunia lake limevikwa kofia, linajazwa mpaka lichoke, kwa bei ileile ya gunia moja. Wajukuu wote wawili hawakuwa na jibu.

Sasa nikupeleke upande wa msituni kidogo, maana hapo ndipo nilipopata kipimo cha mazungumzo haya.

Ulaya Mbuyuni ni mojawapo ya vijiji vya Kilosa vilivyoingia kwenye mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012, kwa ushirikiano wa mashirika ya uhifadhi wa misitu, TFCG na MJUMITA. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuusema. Msitu wa kijiji unatengwa, sehemu ya kuvuna inagawanywa vitalu. Kitalu kikikatwa, visiki vinaachwa vichipue, na hakiguswi tena mpaka ipite miaka 24. Fedha za ushuru zinarudi kijijini.

Miaka 24, msikilizaji! Ndani ya Stardew Valley ukipanda mbegu ya mti, baada ya wiki chache za mchezo unaweza kuukata. Ndani ya Hay Day almasi zinakupunguzia hata kungoja kwa nusu saa. Hapa kuna watu waliokubaliana, mkutanoni, kwa kunyoosha mikono, kwamba kitalu kilichokatwa mtoto akiwa mgongoni kitakatwa tena mtoto huyo akiwa amekwisha kuoa. Waliokubaliana wengine ni wazee. Wanajua hawataukuta huo mkaa.

Hapo nikaona kwamba mazungumzo ya wale vijana kwenye benchi hayakuwa ya michezo tu. Walikuwa wanajifunza, bila kujua, namna mbili za kuutazama muda. Namna ya kwanza husema kungoja ni usumbufu, ulipe uondoke. Namna ya pili husema siku zina idadi, zipange. Narudia, kama nilivyoahidi: katika Hay Day muda unauzwa, katika Stardew Valley muda unahesabiwa.

Basi nani mshindi? Najua mnasubiri.

Kama una dakika tano za kituoni unangoja gari, Hay Day itakufaa. Unafungua, unavuna, unapanda, unafunga. Haikulazimishi, haikuadhibu. Nitaisifu pia kwa hilo la kutokuadhibu, kwa sababu mingine iliyoitangulia haikuwa hivyo. Mnaukumbuka mchezo wa FarmVille pale Facebook? Ulianza mwaka 2009, ukafungwa siku ya mwisho ya mwaka 2020. Ule, usiporudi kwa wakati mazao yalinyauka, na watu waliamka usiku kuvuna stroberi zisizolika. Hay Day haikuamshi. Kaa nayo, ila fedha ya almasi iwekee kufuli.

Kama una jioni nzima na unataka hadithi, unataka watu, unataka kujuta na kupanga upya, chagua Stardew Valley. Ukishindwa utashindwa kwa haki, na ukivuna utajua ulipanga. Mimi binafsi? Nikilazimishwa kuchagua, nitakaa upande wa binti. Nimechagua hivyo kwa sababu mama mkubwa aliuelewa mchezo wake bila mkalimani.

Lakini sijamaliza. Kuna shamba la tatu.

Asubuhi yake, kabla jua halijachomoza, nilisikia jembe likigonga ukuta. Mama mkubwa anatoka. Binti naye akatoka, gauni la kulalia ndani, kanga juu. Mpwa akafuata, simu mfukoni. Mimi nikafuata kwa aibu, kwa sababu mgeni hawezi kubaki kitandani ilhali bibi wa nyumba yuko shambani.

Mahindi yalikuwa yamesimama, yamechelewa kidogo kwa sababu mvua zilichelewa. Binti aliyatembelea safu ya kwanza, safu ya pili, akishika hindi hili na lile, kama anayetafuta mahali pa kubonyeza. Mwishowe akauliza:

"Bibi, bado siku ngapi?"

Mama mkubwa hakujibu kwa mdomo. Alichagua hindi moja, akalifunua ganda kidogo juu, akakandamiza punje kwa ukucha wa kidole gumba. Maziwa yakaruka, yakampata binti shavuni.

"Hili la kuchoma, tutakula leo," akasema. "Yale ya kuweka ndani, bado mwezi na siku kadhaa. Utakuwa umesharudi shule." Akamgeukia mpwa: "Na wewe shika safu ile. Magugu hayo hayasubiri."

Mpwa alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Kule shambani hakuna kichuguu. Akashika jembe.

Wasikilizaji wapendwa, katika Hay Day muda unauzwa. Katika Stardew Valley muda unahesabiwa. Kule Ulaya, Kilosa, nilimwona mama mmoja akiusoma kwa ukucha.

Mahindi ya kuchoma tulikula mchana ule, na nilichekwa kwa kupalilia safu moja tu wakati watoto wamepalilia tatu. Kwa leo naishia hapa. Mlio na michezo yenu, chezeni, bando likiwaruhusu. Mlio na mashamba, poleni na kazi.